Nani Aliamua Nani Atundikiwe Dripu?

Kwetu mgonjwa akishatundikiwa dripu, ndugu waliokaa kwenye benchi la wodi hushusha pumzi. Kidonge ni kidonge tu, na sindano ikishachomwa imekwisha. Dripu inaonekana: chupa inaning'inia, maji yanadondoka tone kwa tone, na kila tone ni ushahidi kwamba mtu wao anashughulikiwa. Wapo hata wazima wa afya wanaokwenda zahanati ya mtaani kuomba watundikiwe moja ili wapate nguvu. Basi mfikirie daktari aliyesimama mbele ya mama mwenye mtoto wa miaka miwili. Mtoto ana homa kali, anahema kwa shida, mikono na miguu imekuwa ya baridi. Daktari anafungua bahasha, anasoma, kumbe mtoto huyu hatapewa dripu ya kasi.

Hilo lilitokea zaidi ya mara elfu moja kati ya Januari 2009 na Januari 2011, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Jaribio liliitwa FEAST. Liliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya utafiti Kilifi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Kila mwaka ninapoanza kuwafundisha wanafunzi namna ya kupanga jaribio, mfano wangu wa kwanza ni huo. Mambo ambayo vitabu huyatawanya katika sura kumi yamekutana hapo wodini, na kosa lolote katika kuyapanga lingelipwa kwa roho za watoto.

Lakini kabla ya wodi, nipitie kwenye tuisheni.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu faida ya masomo ya ziada. Alikuwa amekusanya alama za mock za kidato cha nne kutoka shule kadhaa, akazigawa mafungu mawili: wanaokwenda tuisheni na wasiokwenda. Wa tuisheni walikuwa juu kwa mbali.

"Mwalimu, tofauti ni kubwa mno," akaniambia, uso umemchangamka.

"Nani aliamua nani aende tuisheni?"

Akafikiri kidogo. "Wazazi, Mwalimu. Wale wenye uwezo."

"Na huko kwa wenye uwezo, taa zipo usiku? Vitabu vipo? Asubuhi wanaondoka wamekunywa chai?"

Akafunga daftari taratibu. Hakuwa amekosea hesabu hata moja. Wastani aliukokotoa vizuri na jedwali lake lilikuwa safi kuliko ya wenzake wote. Ila hakujua alichokipima. Huenda ilikuwa tuisheni, huenda ilikuwa mfuko wa baba, huenda ilikuwa ile hali ya kulala umeshiba.

Hapa ndipo panapoingia maneno mawili yanayowatesa wanafunzi wanapoandika sura ya tatu ya tasnifu zao: kibadilika huru na kibadilika tegemezi. (Wengine husema vigeu, wengine vigezo. Sigombani na mtu, ingawa kwangu kigezo ni kitu cha kupimia wala si kitu kinachobadilika.) Kibadilika huru ni kile anachokishika mtafiti na kukibadilisha ili aone kitaleta nini. Kibadilika tegemezi ni kile anachokwenda kukipima baadaye, akitarajia kwamba kitafuata nyayo za kile cha kwanza. Tuisheni ni huru, alama ni tegemezi. Mpaka hapo kila mtu anaelewa, na kila mtu anaandika hivyo.

Kinachosahaulika ni neno lenyewe: huru. Huru kutoka kwa nani? Katika takwimu za mwanafunzi wangu tuisheni haikuwa huru hata kidogo. Ilikuwa mtumwa wa kipato cha wazazi, wa bidii ya mtoto, wa umbali wa nyumbani na shuleni. Aliiandika kwenye safu ya vibadilika huru kwa sababu kitabu kilimwagiza hivyo, lakini kibadilika hakipati uhuru kwa kuitwa huru. Kinaupata pale mtafiti anapokata kamba zote zinazokifunga na mambo mengine. Na ipo njia moja ya uhakika ya kuzikata kamba zote kwa mkupuo: kura.

Turudi wodini. Mtoto mwenye homa kali anapoanza kuonyesha kwamba damu haizunguki vizuri mwilini, mafunzo ya udaktari kwa miaka mingi yalielekeza apewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Mantiki yake ni nyepesi kueleweka: mfereji ukiwa na maji machache, ongeza maji. Katika hospitali za nchi tajiri zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, tiba hiyo ilikuwa jambo la kawaida. Afrika hali ilikuwa ya kusitasita, hospitali hii ikifanya na ile isifanye, na wengi waliamini kwamba watoto wetu wanakufa kwa kukosa tu kile wanachokipata wenzao wa ng'ambo.

Je, isingetosha kufungua mafaili ya zamani na kuhesabu? Chukua watoto mia tano waliopewa dripu ya kasi na mia tano wasiopewa, uone wangapi walipona. Jaribu kulifikiri hilo kwa dakika moja. Daktari mwenye akili timamu humpa dripu ya kasi nani? Humpa yule aliye taabani. Kwa hiyo kundi la waliopewa litajaa watoto waliokuwa karibu na kifo kabla hata sindano haijaingia mshipani, na vifo vitakuwa vingi huko hata kama dripu inaokoa. Ukali wa ugonjwa umejipenyeza katikati, umeshika mkono wa tiba kwa huku na mkono wa kifo kwa huku. Kitu cha namna hiyo huitwa kibadilika kivurugaji, na ndicho kilichokuwa kimejificha nyuma ya tuisheni.

Ndiyo maana zikatumika bahasha. Daktari aliyempokea mtoto aliyetimiza masharti ya kuingia kwenye jaribio alichukua bahasha iliyofuata kwa namba. Ilikuwa imefungwa na haionyeshi kilichomo. Ndani yake mliandikwa moja ya mambo matatu: mtoto apewe maji ya chumvi kwa kasi, au apewe albumini kwa kasi, yaani majimaji yenye protini inayotokana na damu ya binadamu, au asipewe dripu ya kasi kabisa bali ile ya polepole ya kumtosheleza mahitaji ya mwili. Kwa makundi mawili ya mwanzo kipimo kilianzia mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, kikaja kuongezwa hadi 40, ndani ya saa moja. Kwa mtoto wa kilo kumi, hiyo ni kadiri ya chupa moja ya soda kuingia mwilini kwa saa moja.

Kwa nini bahasha zifungwe? Kwa sababu daktari ana moyo. Akijua kwamba bahasha inayofuata imeandikwa "bila dripu ya kasi", na mbele yake yuko mtoto anayemwonea huruma sana, ataikwepa. Atasema huyu hakutimiza masharti, au atasubiri bahasha moja ipite. Hakuna ubaya katika nia yake, lakini akifanya hivyo mara ishirini ule mvurugano uliofukuzwa mlangoni unarudi kupitia dirishani. Bahasha haimjui mtoto wa nani wala haina huruma, na hiyo ndiyo sifa yake.

Jambo hili lilimshinda hata James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza ambaye vitabu vingi humpa heshima ya jaribio la kwanza la tiba. Mwezi Mei 1747, akiwa kwenye meli ya Salisbury, alichukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ule ugonjwa wa kuoza fizi kwa kukosa vitamini C, akawapanga wawili wawili katika makundi sita. Wote wakawekwa sehemu moja na kulishwa chakula kimoja. Kila kundi likapewa dawa yake: hawa siki, wale maji ya bahari, wengine machungwa na malimau. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu ndani ya siku sita hivi. Kazi nzuri kabisa kwa zama zake. Lakini Lind mwenyewe ameandika kwamba wagonjwa wawili aliowapa maji ya bahari walikuwa miongoni mwa waliozidiwa zaidi. Aliamua yeye. Bahati yake ni kwamba malimau yana nguvu mno dhidi ya kiseyeye hivi kwamba hata mpango wenye ufa uliyaona. Dawa nyingi za leo hazina nguvu ya namna hiyo, na ufa kama ule ungetosha kuzigeuza kutoka dawa kuwa sumu, au sumu kuwa dawa.

Kwenye FEAST kura iliwagawa watoto hivi: 1,050 wakaingia kundi la albumini, 1,047 maji ya chumvi, na 1,044 hawakupewa dripu ya kasi. Hao wa mwisho ndio kundi linganishi. Watu wengi husikia kundi linganishi wakadhani ni watu walioachwa wafe. Sivyo. Watoto wote katika makundi yote matatu walipewa dawa za malaria, viuavijasumu, damu kwa waliohitaji, sukari kwa walioishiwa, na dripu ya polepole. Wahudumu walikuwa wamefundishwa namna ya kuwatambua na kuwahudumia watoto mahututi. Kila kitu kiliwekwa sawa kadiri ilivyowezekana ili kibaki kimoja tu chenye kutofautiana. Na uzuri wa kura ni kwamba husawazisha hata yale usiyoyajua: mtoto mwenye selimundu ambayo haijapimwa, mtoto aliyepewa dawa ya mitishamba asubuhi, mtoto ambaye mama yake alitembea kilomita kumi. Huna haja ya kuyataja wala kuyapima. Watu wakiwa wengi, kura huyatawanya karibu sawasawa pande zote.

Sasa kibadilika tegemezi. Hapa ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu, maana hapa ndipo FEAST inapotia baridi mwilini.

Watafiti wangeweza kupima mambo mengi: joto la mikono, kasi ya mapigo ya moyo, muda unaochukua ngozi kurudisha rangi ukiibonyeza. Vipimo hivyo ni rahisi na jibu lake linapatikana siku hiyo hiyo. Na walivipima. Saa moja baada ya kuanza tiba, dalili za damu kutozunguka zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya watoto waliopewa dripu ya kasi, na kwa asilimia 32 ya wale wa kundi linganishi. Kama jaribio lingeishia hapo, ripoti ingetoka kwa shangwe. Dripu ya kasi inafanya kazi! Daktari angeweza kuapa kwamba ameona kwa macho yake, na asingekuwa mwongo: mikono ilipata joto, mapigo yakatulia, mama akatabasamu.

Ila kipimo kikuu walichokitangaza kabla ya kuanza hakikuwa joto la mikono. Kilikuwa kifo ndani ya saa 48. Katika kundi linganishi walikufa watoto 76, sawa na asilimia 7.3. Katika kundi la maji ya chumvi walikufa 110, asilimia 10.5. Katika kundi la albumini walikufa 111, asilimia 10.6. Kwa kila watoto mia waliopewa dripu ya kasi, watatu zaidi walikufa kuliko ambavyo wangekufa bila hiyo dripu. Na hata miongoni mwa wale walioonekana kupata nafuu saa ya kwanza, vifo vilizidi vya wenzao wa kundi linganishi.

Soma tena mstari ule wa mwisho. Nafuu ilikuwa ya kweli na madhara yalikuwa ya kweli, katika miili ile ile.

Ninapowaambia wanafunzi wachague kibadilika tegemezi kwa makini, huwa naona wananichukulia kama mwalimu anayetafuta pa kutoa maksi. Wanachagua kinachopimika kwa urahisi: idadi ya waliohudhuria semina, kiwango cha "uelewa" kwenye dodoso, idadi ya vyandarua vilivyogawiwa. Hivyo vyote ni joto la mikono. Swali la kumuuliza mtafiti ni kama alipima kile ambacho watu wanakijali, na kama alikitangaza kabla ya kuona majibu. Anayechagua kipimo baada ya kuona majibu ni sawa na mpiga mshale anayechora duara pale mshale ulipotua.

Kuna hoja ya kutojua. Katika majaribio mengi ya dawa, mgonjwa hajui kama amepewa dawa halisi au kidonge kitupu, na daktari pia hajui. Lengo ni matumaini ya mmoja na upendeleo wa mwingine visiingie kwenye kipimo. FEAST haikuweza kufanya hivyo; chupa inaning'inia, kila mtu anaiona. Lakini kifo hakina maoni. Daktari aweza kushawishika kuandika kwamba mikono imepata joto, hawezi kushawishika kuandika kwamba mtoto yu hai. Na kamati iliyopitia sababu za vifo haikuambiwa mtoto yupi alikuwa kundi gani.

Msomaji atauliza: mbona madaktari hawakuligundua hili miaka yote hiyo? Jibu liko kwenye idadi. Chukua wodi moja inayopokea watoto mia wa aina hii kwa mwaka. Kwa njia moja watakufa saba, kwa njia nyingine watakufa kumi au kumi na mmoja. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuona tofauti hiyo, hata la daktari bingwa wa miaka thelathini, kwa sababu mwaka mmoja mvua huwa nyingi na malaria inapanda, mwaka mwingine sivyo. Uzoefu ni mwalimu mzuri wa mambo makubwa. Mambo ya watatu katika mia yanahitaji maelfu. Mwanzoni FEAST ilipanga watoto 2,880. Ilipoonekana kwamba vifo kwa ujumla ni vichache kuliko ilivyotarajiwa, ikapandisha hadi 3,600. Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza, "Mwalimu, sampuli ya watu hamsini inatosha?" Nami siwezi kujibu mpaka waniambie wanatafuta tofauti ya ukubwa gani. Wavu wa kuvulia papa hauvui dagaa.

Na je, kama ilikuwa bahati mbaya tu? Kura nayo ina mizaha yake. Huenda iliwarundika wagonjwa zaidi upande mmoja. Swali hili lina jibu lake, na jibu lilianzia kwenye kikombe cha chai. Katika miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, mtaalamu wa mwani aliyeitwa Muriel Bristol alidai kwamba akionja chai anaweza kujua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. (Kwetu maziwa na majani huchemshwa pamoja, kwa hiyo ubishi huu usingezaliwa.) Ronald Fisher, mwanatakwimu wa kituo hicho, akageuza ubishi ule kuwa jaribio, na mwaka 1935 akalieleza katika kitabu chake kuhusu upangaji wa majaribio: vikombe nane, vinne vya aina hii na vinne vya aina ile, vikipangwa kwa kura, naye mwonjaji avichague vinne. Zipo njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Anayebahatisha atapatia vyote mara moja katika sabini. Akipatia vyote, ama ana kipaji ama amekutana na bahati ya moja kwa sabini, chagua unaloliamini.

Hesabu ya FEAST ni ya ukoo huo huo. Kama dripu ya kasi haina athari yoyote, uwezekano wa kura peke yake kuleta tofauti kubwa kama ile kati ya waliopewa na wasiopewa ni kama tatu katika elfu. Watu huchukulia namba hiyo kama mhuri wa ukweli. Mimi naiona kama kipimo cha mshangao tu: ingetushangaza kiasi gani kama hakuna kitu? Haisemi chochote kuhusu ubora wa mpango. Mwanafunzi wangu wa tuisheni angeweza kupata namba ndogo kuliko hiyo kwa alama zake, na bado angekuwa amepima mfuko wa baba.

Mwezi Januari 2011, watoto walipofika 3,141, kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu kwa niaba ya usalama wa watoto ilisimamisha uandikishaji. Hiyo kamati nayo ni sehemu ya mpango wa jaribio, si pambo. Lazima awepo mtu mwingine asiye mtafiti, mwenye mamlaka ya kusema basi. Kuhusu ridhaa, mama mwenye mtoto mahututi hawezi kusomewa kurasa nne za maelezo. Kwa hiyo penye dharura ya namna hiyo iliombwa kauli yake ya mdomo kwanza, kisha maelezo kamili na ridhaa ya maandishi baadaye. Jambo hilo limejadiliwa sana na litaendelea kujadiliwa. Maoni yangu ni kwamba kuendelea kuwapa watoto tiba ambayo hakuna aliyejua kama inaua au inaokoa, bila kuandika wala kulinganisha, nalo lilikuwa jaribio. Tofauti ni kwamba lile halikuwa na kamati.

Sasa tahadhari, tena naomba isomwe. FEAST haikuwaingiza watoto wenye kuharisha na kutapika kulikowakausha maji, haikuwaingiza wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuumia. Watoto 29 ambao shinikizo la damu lilikuwa limeporomoka kabisa hawakuwekwa kwenye kundi la bila dripu ya kasi. Wote walipewa, na 18 kati yao walikufa, lakini hapo hapakuwa na wa kulinganisha nao, kwa hiyo hatuwezi kusema lolote. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvichumvi, na akizidiwa apelekwe hospitalini akatundikiwe dripu. Jaribio hujibu kwa wale tu walioingia ndani yake. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo, likielekeza kwamba mtoto mwenye baadhi tu ya dalili za damu kutozunguka vizuri asipewe maji kwa kasi. Miaka mitano ni mingi.

Kura si lazima ipigwe kwa mtu mmoja mmoja. Mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kura ilipigwa kwa jamii nzima: jamii 12 katika jozi sita, katika kila jozi jamii moja ikiboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati, nyingine ikisubiri. Ndani ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizoboreshewa na 1.9 katika zile nyingine, pungufu ya asilimia 40 hivi. Matokeo yalitoka mwaka 1995, dunia ikafurahi. Kisha mwaka 1999 yakatoka ya Rakai, Uganda: huko watu waligawiwa dawa za magonjwa ya zinaa kwa pamoja, nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi kumi, na VVU havikupungua. Ikaonekana kana kwamba wanasayansi wanapingana. Ukiangalia vizuri, vibadilika huru vilikuwa viwili tofauti. Mwanza zahanati ilikuwa wazi kila siku kwa anayeumwa. Rakai dawa zilikuja zikaondoka, na ugonjwa ukipatikana wiki inayofuata unabaki. Isitoshe, janga lenyewe Rakai lilikuwa limekwishakomaa zaidi. Maneno "kutibu magonjwa ya zinaa" yalifunika vitu viwili, na mtu asipoeleza kibadilika huru chake kwa undani hajui amejaribu nini.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amesoma kuhusu Busia, magharibi mwa Kenya, ambako Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza dawa za minyoo katika shule 75 kuanzia mwaka 1998. Fedha na usimamizi havikutosha kuanza na shule zote mwaka mmoja, kwa hiyo shule zikagawanywa makundi matatu yanayoanza kwa zamu, na waliokuwa wakisubiri zamu wakawa kundi linganishi bila mtu kunyimwa moja kwa moja. Utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizotibiwa. Alama za mitihani hazikubadilika. Aliponieleza hilo la pili alitabasamu, kwa kuwa alishaona hatari ya kupima kimoja tu.

"Ila, Mwalimu, makundi hawakuyapanga kwa kura hasa," akasema. "Waliziorodhesha shule kwa alfabeti, wakahesabu moja, mbili, tatu."

Nikajua amekomaa.

Mpango wake mpya ni huu. Shule zilizokubali zitaingizwa kwenye kura mbele ya wakuu wa shule wote, karatasi zikichotwa kwenye ndoo. Zitakazotoka zitapata tuisheni ya bure tangu mwanzo wa mwaka mpaka mock. Zilizobaki zitaipata baada ya mock hadi mtihani wa taifa. Kura inapigwa kwa shule na si kwa mwanafunzi, kwa sababu marafiki wa darasa moja huazimana daftari na tuisheni ya mmoja ingevuja hadi kwa mwenzake. Vibadilika tegemezi ni viwili, alama za mock na mahudhurio, navyo vimeandikwa, vikasainiwa na kufungiwa kwenye kabati langu. Wasahihishaji hawataambiwa karatasi imetoka shule ipi. Nimemwambia idadi ya shule bado ni ndogo, naye anatafuta nyingine nne kabla muhula haujafunguliwa.